Waja Leo, Waondoka Leo: Paladiamu na Kazi ya Kuunganisha Kaboni

(Mhadhara kwa walimu wa sayansi, wafamasia na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, Tanga mjini)

Walimu wangu, wazee, wafamasia mliofunga maduka mapema ili mfike, nanyi vijana: asanteni kwa kuja, na poleni na joto.

Nimekuja na kidonge. Hiki ni losartani ya miligramu 50, nimekitoa kwenye dawa za mama yangu, ambaye ana presha na humeza kimoja kila asubuhi baada ya chai. Wafamasia mnaijua dawa hii kuliko mimi. Ndani ya kila molekuli yake kuna pete mbili za benzini, kila moja duara la atomi sita za kaboni, zilizoshikana moja kwa moja, kaboni ya huku na kaboni ya kule, bila kitu katikati. Kifungo hicho kimoja kiliwasumbua wakemia kwa miaka mingi, nacho ndicho kilichonileta mbele yenu leo.

Kwa nini kilisumbua? Kidato cha sita mnajua: ukichemsha bromoethani na alkali, bromini inatoka na kitu kingine kinashika nafasi yake. Fanya vivyo hivyo kwa bromobenzini, yaani pete ya benzini iliyoshika bromini, uchemshe mpaka magharibi: bromini haitikisiki. Kaboni ya pete imeishikilia kwa nguvu, na wingu la elektroni la pete linamfukuza kila anayekuja na elektroni zake. Mwaka 1901 Mjerumani Fritz Ullmann alipata njia ya kuzilazimisha pete ziungane kwa unga wa shaba. Lakini njia yake ilitaka joto la nyuzi 200 na zaidi, ilikula shaba nyingi, na ilifaa zaidi kuunganisha pete na pacha wake. Ukitaka kuunganisha pete mbili za aina tofauti, unapata mchanganyiko wa kila namna. Na molekuli laini za dawa haziponi kwenye moto ule.

Aliyekuja kutuokoa ni paladiamu, metali nyeupe ya ukoo wa platinamu. Vitabu vyetu vinaiita kichocheo. Neno hili mimi haliniridhishi, maana mtu akisikia kuchochea anafikiria kuni na moto, kama kwamba paladiamu inaongeza joto tu. Sivyo. Paladiamu inaingia ndani ya shughuli kwa mwili wake. Kwanza inajipenyeza kati ya kaboni na bromini, inazishika zote mbili. Kisha inapokea pete ya pili kutoka kwa metali au kipande kingine kilichoibeba. Sasa pete mbili zimekaa pamoja juu ya atomi moja ya paladiamu, zinagusana, zinashikana, na paladiamu inachomoka ikiwa kama ilivyoingia, tayari kwenda kubisha hodi kwingine. Sisi watu wa Tanga tumeishi na maneno haya tangu utotoni: waja leo, waondoka leo. Ukitia paladiamu kiasi cha asilimia moja ya idadi ya molekuli, na kazi ikakamilika, basi kwa wastani kila atomi imeozesha jozi 100.

Richard Heck, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2010 kwa kazi hii. Lakini msichukue kwamba walifanya kitu kimoja. Paladiamu inahitaji mtu wa kuileta pete ya pili, na ugomvi wote wa njia hizi ni juu ya nani ailete. Heck, mwaka 1972, mahali pa pete ya pili alitumia alkeni, yaani molekuli yenye kaboni mbili zilizofungana maradufu, bila metali ya kuibeba. Mwaka huohuo Kumada wa Japani alitumia magnesiamu, na nikeli mahali pa paladiamu. Negishi alileta zinki mwaka 1977. Stille alileta bati mwaka uliofuata. Njia nzuri, ila mabaki yake ya bati ni sumu na kuyaondoa ni kazi. Kwenye dawa ya mama yangu siyataki. Suzuki na Miyaura wakaleta boroni mwaka 1979.

Magnesiamu nina kisa nayo. Nikiwa mwanafunzi, katika maabara moja ya huku pwani, nilipewa kazi ya kutengeneza kiambato cha Grignard, yaani pete iliyobebwa na magnesiamu, ili nikiunganishe kwa njia ya Kumada. Ilikuwa masika. Kiambato hiki kikiona maji kimekufa: kinanyakua hidrojeni ya maji na kugeuka benzini. Nilikausha vyombo kwenye oveni, nilikausha etha, nikafunga kila tundu. Hewa ya masika ya pwani mnaijua, chumvi mezani inageuka tope. Siku ya kwanza magnesiamu haikuanza kabisa. Siku ya pili ilianza ikazimika. Siku ya tatu nilipata benzini na chumvi za magnesiamu, na etha ya muhula mzima nilikuwa nimeimaliza. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Nilidhani nina mikono mibaya, na kwamba kemia ya namna hii ni ya watu wenye majengo makavu na mitungi ya gesi ya nitrojeni.

Nilipokutana na boroni niliona nimetendewa haki. Asidi za boroni ni unga unaokaa kwenye chupa, hewani, unapimwa kwa kijiko. Maji haziyaogopi. Mwaka 1981 Miyaura na Suzuki walipounganisha pete kwa pete, ndani ya chupa mlikuwa na maji yenye kaboneti ya sodiamu. Mnajua kaboneti ya sodiamu ni nini? Ndiyo sehemu kubwa ya magadi yale tunayotia kwenye maharage magumu yalainike. Alkali hii ni ya lazima: bila hiyo boroni haikubali kuikabidhi pete yake kwa paladiamu. Na mwaka 2015 watafiti wa Assam, India, walichapisha kazi ambayo alkali yake ilikuwa maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya ndizi. Mama zetu wa Lushoto hawana uhaba wa maganda ya ndizi. Na kinachobaki kwa upande wa boroni ni chumvi zake zisizo na sumu kali. Ukizitia tindikali unapata asidi ya boriki, ile poda wachezaji keram wanayonyunyiza ubaoni.

Njia moja ya kutengeneza losartani, iliyobuniwa katika kampuni ya Merck, inafunga zile pete mbili kwa boroni hii. Na Suzuki hakuichukulia njia yake hataza. Aliiacha wazi, yeyote aitumie. Hilo nalihesabu kubwa kuliko medali.

Msinielewe kwamba hakuna dosari. Paladiamu ni ghali. Na ile sifa ya kuondoka leo si kamili: kidogo inabaki, na miongozo ya kimataifa inataka mgonjwa asimeze zaidi ya mikrogramu 100 zake kwa siku, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya gramu. Ndiyo maana wengi wanarudi kwenye nikeli, iliyo rahisi zaidi kwa bei, na ambayo nchi yetu inayo ardhini kule Kabanga, Ngara. Nikeli nayo ina sumu yake na ukaidi wake.

Namalizia kwa tulichofanya na vijana watano. Tulichukua 4-iodofenoli, pete yenye iodini mahali pa bromini, na asidi ya boroni ya fenili, pete iliyobebwa na boroni, pamoja na kaboneti ya potasiamu na maji, tukatia paladiamu kidogo iliyolazwa juu ya unga wa mkaa. Tukachemsha nusu saa, mvuke ukirudishwa chini kwa kipoza. Ilikuwa masika tena, dirisha tuliliacha wazi. Tukatia tindikali, unga ukatuama pamoja na mkaa. Tukauyeyusha kwa methanoli, tukachuja mkaa na paladiamu yake, tukaongeza maji. Fuwele nyeupe zikaanza kushuka.

Fuwele nyeupe hazithibitishi kitu, iodofenoli nayo ni nyeupe. Inayeyuka kwenye nyuzi 93 hivi. Tukajaza fuwele zetu kavu kwenye kitubu chembamba, tukafunga na kipimajoto, tukapasha mafuta polepole. Binti mmoja alikuwa akisoma kwa sauti. Tisini. Tisini na tano, hakuna kitu. Mia na ishirini, ngumu. Mia na hamsini, ngumu, na wote tumeinamia chupa moja hatupumui. Kwenye 164 pembe ya fuwele ikalowa, na kwenye 166 ikawa maji matupu. Fenilifenoli: pete zetu mbili zimeshikana.