Kurekebisha silinda hedi zilizochakaa za Kombi inayopozwa kwa hewa

Karibu, mtazamaji. Mezani tuna hedi mbili (vifuniko vinavyokaa mwishoni mwa silinda na kubeba valvu) za injini ya 1600 ya Volkswagen Kombi, ile yenye matundu mawili ya kuingizia hewa kwenye kila hedi, iliyoanza na modeli ya 1971. Injini imeshashushwa, na mabati yanayoelekeza hewa yametolewa. Kama bado hujafungua, ngoja injini ipoe kabisa. Aluminiamu yenye joto hupinda ukilegeza nati zake. Nati ni 8 kwa kila hedi. Legeza kila moja robo mzunguko kwa kukatiza, usimalize upande mmoja kwanza. Pushirodi, zile fimbo zinazosukuma roka, zichomeke kwenye katoni uliyoitoboa na kuandika namba, ili kila moja irudi ilikotoka. Silinda 1 na 2 ziko kulia kwa gari, 3 na 4 kushoto. 1 na 3 ndizo zinazoelekea mbele ya gari.

Kabla ya kusafisha, toa valvu zote. Bana springi kwa kifaa chake, okota zile kufuli mbili ndogo, kisha sukuma valvu itoke. Ikikwama njiani, usiipige nyundo. Shina limechanua kule juu linapogongwa na roka, ule mkono unaofungua valvu, na ukililazimisha litakwangua bushi yote (bomba fupi ambamo shina hupanda na kushuka) likipita. Ondoa ukingo huo kwa tupa laini, valvu itatoka yenyewe.

Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, masizi uyakwangue kwa kipande cha mbao au plastiki. Kostiki soda isikaribie hedi hizi, maana inakula aluminiamu. Halafu pitisha mwanga katikati ya mapezi ya kupozea, hasa karibu na tundu la ekzosi. Tazama hapa: kuna ngozi nyembamba ya chuma iliyobaki tangu hedi ilipomiminwa kiwandani, imeziba nafasi kati ya pezi na pezi. Hewa ya feni haipiti hapo, na hapo ndipo pana joto kuliko kwingine kote. Itoboe kwa kipande cha msumeno wa chuma na ulainishe kwa tupa ndogo. Ni kazi ya dakika 20 kwa kila hedi, na mafundi wengi wanairuka. Usiiruke.

Sasa nyufa. Nyunyiza dawa nyekundu ya kupenya, iache dakika 10, ifute ikauke kabisa, kisha nyunyiza ile nyeupe ya kuonyesha nyufa. Sogea karibu uone: mstari mwekundu kama unywele unatoka kwenye siti ya ekzosi, pete ambayo valvu hukalia inapofunga, kuelekea tundu la plagi. Nyufa hupenda sehemu mbili, hapo na kwenye daraja jembamba kati ya siti mbili. Ufa unaogusa siti umeshalegeza mshiko wake. Siti ikichomoka injini ikiwa kwenye mwendo, itapondwa pamoja na pistoni. Kuchomelea kunawezekana kwa fundi mwenye mashine ya argoni anayepasha hedi nzima kwanza, lakini baada ya hapo siti zote mbili lazima ziwe mpya na uso wote uchongwe upya. Ufa ukiwa umeingia ndani ya nyuzi za plagi, ushauri wetu ni kuachana na hedi hiyo.

Hedi isiyo na ufa tunaipima bushi za valvu. Anzia hapa kabla ya kufikiria siti, kwa sababu kifaa cha kuchonga siti hujiegemeza kwenye bushi. Bushi ikilegea, siti itachongwa nje ya katikati, valvu itakaa upande mmoja, na ndani ya muda mfupi itaungua.

Chukua valvu mpya, itie kwenye bushi hadi ncha ya shina ilingane na mdomo wa bushi upande wa springi. Weka geji ya saa kwenye ukingo wa kichwa cha valvu, kisha itikise kushoto na kulia. Bushi mpya ya kuingiza huonyesha mchezo wa milimita 0.23 hadi 0.27, ya ekzosi 0.28 hadi 0.32. Kikomo ni 0.8. Tazama sindano hii inavyoruka: bushi ya ekzosi ya silinda namba 3 imepita milimita 1. Umuhimu wa kutumia valvu mpya ni kwamba shina kuukuu likiwa limeliwa litakudanganya. Shina lenyewe lipime kwa maikromita sehemu tatu, juu, katikati na chini. La kuingiza liwe 7.94 hadi 7.95, la ekzosi 7.91 hadi 7.92.

Kutoa bushi iliyochoka, usiipige ikiwa nzima. Inang'ang'ania na itachana tundu lake. Itoboe kwanza kutokea upande wa springi kwa keekee ya milimita 11, ukienda nayo wima hadi karibu na mwisho, ili ukuta wake ubaki mwembamba. Kisha ipige itoke kwa fimbo yenye bega, kutokea upande wa chumba cha moto. Pima tundu lililobaki. Likiwa limepanuka, agiza bushi ya nje kubwa zaidi, usiibandike kwa gundi wala kuitia alama za patasi ili ibane. Bushi mpya iingie hedi ikiwa imepashwa moto nzima ndani ya oveni. Mwali wa gesi mahali pamoja unapindisha hedi. Mwisho, pitisha rima, kifaa cha kupanua tundu kwa usahihi, hadi kipenyo cha ndani kifike kati ya milimita 8.00 na 8.02. Zungusha rima upande mmoja tu, hata wakati wa kuitoa.

Tuje kwenye siti. Uso wa kukalia valvu ni nyuzi 45, kwa kuingiza na kwa ekzosi. Ukishapata uso safi kuzunguka pote, punguza upana kwa kisu cha nyuzi 15 upande wa chumba na cha nyuzi 75 upande wa ndani. Upana wa siti ya kuingiza ubaki milimita 1.3 hadi 1.6, wa ekzosi 1.7 hadi 2.0. Ekzosi inapewa upana zaidi kwa sababu valvu yake hutoa joto kupitia siti kila inapofunga. Ukiipunguza kupita kiasi, valvu haina pa kumwagia joto. Kisu cha nyuzi 15 kikishafika ukingo wa nje wa siti, siti hiyo imekwisha na inabadilishwa. Kazi hiyo ipeleke kwenye karakana ya mashine: siti mpya huingia kwa kubana sana, hedi ikiwa moto na siti ikiwa imegandishwa, na kosa la sehemu ndogo ya milimita linatosha kuifanya ichomoke.

Valvu za ekzosi weka mpya zote nne. Tunasema hivi bila kusita, hata kama za zamani zinapendeza machoni. Shina lake limeshavutwa na joto kwa miaka, na kichwa kikikatika hakitoi onyo la kutosha. Za kuingiza zinaweza kurudi kama ukingo wake haujawa mwembamba kama wembe na shina liko ndani ya vipimo.

Saga kila valvu kwenye siti yake kwa dawa laini ya kusagia. Zungusha mbele na nyuma, nyanyua, geuza robo, rudia. Ukifuta, unatafuta pete ya kijivu isiyong'aa, yenye upana sawa, isiyokatika. Pete ikiwa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, siti haiko katikati. Kuendelea kusaga kutaichimba tu bila kuinyoosha. Osha dawa yote, hata ndani ya bushi. Chembe zikibaki, zitakula ile bushi uliyoiweka leo.

Plagi ni ya M14 kwa 1.25. Nyuzi zikiwa zimeliwa, tia nyuzi za chuma za kuingiza. Jaza grisi kwenye mifereji ya tapi ili ishike vumbi la chuma. Hakikisha mwisho wa hizo nyuzi hautokezi ndani ya chumba. Ncha inayotokeza hugeuka kaa la moto na kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati.

Sehemu ambapo silinda inakalia ikiwa na mifereji ya gesi, ichongwe kidogo iwezekanavyo, na silinda zote nne zibaki kina kimoja. Hesabu yake: silinda moja ina ujazo wa sentimita 396 za mchemraba, na kwa kompresheni ya 7.5 kwa 1 nafasi inayobaki juu ya pistoni ni takriban 61. Kila milimita 1 unayochonga inapunguza karibu 5.7, hivyo kompresheni inapanda hadi kama 8.2. Rudisha kipimo kwa washa nyembamba chini ya silinda.

Tunafunga. Springi ikibanwa hadi milimita 31 isukume kwa kilo 53 hadi 61. Iliyo chini ya hapo tupa. Paka shina oili, weka springi, weka kufuli. Zishike kufuli zikiwa zimebanana kuzunguka shina na ugeuze valvu: lazima izunguke kwa uhuru. Valvu hii inatakiwa kujizungusha polepole inapofanya kazi ili ichakae sawasawa. Ikikataa, badilisha kufuli.

Vuta mabomba ya pushirodi hadi milimita 190 au 191, mshono uangalie juu, sili mpya pande zote mbili. Bomba fupi litavuja oili. Hakuna gasketi kati ya silinda na hedi, chuma kinakaa juu ya chuma, kwa hiyo kipande kimoja cha masizi hapo kinatosha kuvujisha kompresheni. Usisahau bati dogo la chini ya silinda, linaingia kabla ya hedi. Kaza nati kwanza hadi Nm (nyutoni mita) 10, ukianzia za katikati na kukatiza kwenda nje, halafu Nm 25 kwa stadi za milimita 8 au Nm 32 kwa stadi za milimita 10. Hakikisha kipimo cha stadi zako kabla ya kushika spana; stadi ya 8 iliyokazwa kwa 32 inang'oa nyuzi za bloku.

Silinda namba 3 inajulikana kwa kupata joto kuliko nyingine, na hilo lina sababu yake. Katika injini za kabla ya 1971, kipozea oili kilisimama ndani ya bati la feni, mbele ya njia ya hewa yake. Kama yako ni ya aina hiyo, safisha kipozea hadi uone mwanga ukipenya. Kwa injini yoyote, mpira wa kuzunguka injini na mabati yote yarudi; pengo moja linairuhusu hewa ya moto wa ekzosi kurudi kwenye feni.

Rekebisha nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, milimita 0.15 kwa zote. Anza na silinda 1 pistoni ikiwa juu kwenye mpigo wa kuwasha, kisha rudisha puli nyuma nusu mzunguko kwa kila silinda: 2, 3, 4. Zipime tena baada ya kilomita 500, na andika namba kwenye daftari. Nafasi zikipanuka kidogo, roka zinakaa mahali pake, rekebisha uendelee. Nafasi ya valvu moja ya ekzosi ikipungua, ukairekebisha, na baada ya kilomita 500 nyingine ikapungua tena, shina linavutika au siti inazama. Zima gari hapo, toa hedi hiyo moja kabla kichwa cha valvu hakijadondoka.