Jina Lenye Nukta Katikati

Mlioko nyuma sogeeni mbele, feni hizi zanishinda sauti. Wanaonijua washajua nitaanza na nini, na nitaanza nalo vilevile: kosa langu, kabla ya barebox tuliyoijia leo.

Usiku mmoja, Shimanzi kule Mombasa, nilikuwa na bodi, kompyuta ndogo, inayowashwa na U-Boot, programu inayoanza kabla ya mfumo wenyewe. Nataka kubadilisha anwani yake ya mtandao. Nikachapa setenv, amri ya kuweka thamani, nikafuatisha ipadr, d moja, kisha anwani mpya. Bodi ikasema nini? Kimya! Ikapokea kama muuza duka anayetia noti kwenye mtoto wa meza bila kuitazama. Anwani ya zamani, ya ipaddr yenye d mbili, imekaa palepale, na faili niliyotaka bodi iivute kwa mtandao haiji. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha swichi. Nikamgombeza mtoto wa watu aliyenishikia tochi. Adhana ya alfajiri yaita, ndipo nikachapa printenv, amri ya kuonyesha vilivyowekwa, nikayaona majina yote mawili, yananicheka.

Kosa langu, naam. Lakini mbona hakuna aliyenikanya? Kwa sababu kwa U-Boot kigeu kile, yaani jina na thamani yake, ni maandishi tu, na jina lolote ni halali.

Sasa barebox, programu nyingine ya kuwashia bodi, iliyokuwa ikiitwa U-Boot v2 hadi 2009, ina vigeu vya kawaida pia, lakini kila kifaa kina vigezo vyake, yaani mipangilio yake yenyewe, na unaviweka kwa sheli, pale unapochapa amri, hivi:

eth0.ipaddr=192.168.1.20

Kabla ya nukta ni kifaa, hapa mlango wa mtandao, baada yake ni kigezo. Ukibonyeza Enta, thamani haiendi kulala kabatini, inapelekwa kwa kifaa chenyewe. Andika eth0.ipadr uone: unakataliwa papo hapo. Malizia anwani kwa 300, namba isiyowezekana katika anwani, unakataliwa pia. Kusoma ni echo $eth0.ipaddr. Hujui kifaa kina vigezo gani? Chapa devinfo eth0.

Nasikia mtu ananong'ona, "Si mtu aandike vizuri tu?" Haya, wewe usiyekosea, njoo Shimanzi saa nane usiku tukuone. Na usiache nafasi kando ya alama ya sawasawa, sheli itadhani eth0.ipaddr ni amri.

Ukizima bodi, ulichoweka hivyo kimekwenda. Kikae? Weka nv.dev.eth0.ipaddr kwa njia ileile, halafu chapa saveenv, amri ya kuhifadhi. Mengine nilikuwa nayo, lakini wenye harusi washaleta viti. Bodi mbili ziko pale mezani, nendeni mkakosee.