Kufundisha Baiolojia Chuoni Marekani: Jibu Langu Kuhusu Malipo, Vyeti na Viza

Habari zenu ndugu watazamaji, na karibuni tena. Kila ninapoweka video swali ni lile lile: ninalipwa kiasi gani kufundisha baiolojia chuoni hapa Texas, na mtu mwenye shahada ya uzamili aliyeko nyumbani afanye nini ili aje kuifanya kazi hiyo. Nimelikwepa muda mrefu kwa sababu najua yatakayofuata. Nikitaja fedha nitaambiwa naringa, na nikitaja shida nitaambiwa nimeshiba, ndiyo maana nalalamika. Semeni mtakalo, lakini nisikilizeni kwanza.

Mimi ni mwalimu wa muda katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili. Wanafunzi wangu wengi wanataka kuwa wauguzi, na kabla ya kukubaliwa kusomea uuguzi wanapaswa kufaulu anatomia na fiziolojia, sehemu ya kwanza na ya pili, pamoja na mikrobiolojia. Hizo ndizo kozi zinazonilisha. Mkataba wangu ni wa muhula mmoja wa wiki 16, na malipo huhesabiwa kwa kozi: kozi moja yenye maabara hunipatia chini kidogo ya dola 4,000 kabla ya kodi. Anayezibadilisha dola hizo kuwa shilingi ataona utajiri, lakini azigawe kwanza kwa miezi minne, kisha akumbuke kwamba hapa ninapoishi pango la nyumba ya chumba na sebule ni zaidi ya dola elfu moja kwa mwezi. Likizo ya Desemba hailipwi, na kiangazi hakilipwi isipokuwa umepewa kozi ya kufundisha.

Maabara ndiyo inayoniuma zaidi. Katika chuo changu saa moja ya mhadhara huhesabiwa kamili, lakini saa moja ya maabara huhesabiwa pungufu, ingawa yeyote aliyewahi kuisimamia anajua ni wapi jasho linakotoka. Siku ya somo la moyo nafika mapema, natoa mioyo ya kondoo kwenye ndoo ya dawa, naisuuza hadi harufu ipungue, napanga mmoja kwenye kila sinia na kuhesabu visu. Wanafunzi wakiingia nawaambia wasihangaike na picha ya kitabu, wabonyeze kwa kidole kuta za ventrikali, yaani vyumba viwili vya chini vya moyo: ule ukuta mnene usiobonyea ni wa kushoto, unaosukuma damu mwili mzima, na ule unaolegea ni wa kulia, unaoipeleka kwenye mapafu tu. Wakiondoka, mimi ndiye ninayeosha masinia, na saa hiyo haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kuhusu bima ya afya, sheria iliyopitishwa mwaka 2010 inawataka waajiri wakubwa kumpa bima mfanyakazi anayefikisha wastani wa saa 30 kwa wiki, na kwa sababu hiyo vyuo vingi huwawekea walimu wa muda kikomo cha kozi ili wasizifikie. Ndiyo maana nafundisha katika vyuo viwili, kimoja asubuhi na kingine jioni, na katikati nakula chakula changu garini. Muhula mmoja chuo cha pili kilifuta kozi yangu siku chache kabla ya masomo kuanza kwa kuwa wanafunzi hawakutimia, nami nilikuwa nimekwisha kuandaa mitihani yote. Sikulipwa hata senti.

Sasa vyeti. Bodi inayotoa ithibati kwa vyuo vya majimbo haya ya kusini ina mwongozo kwamba anayefundisha kozi zinazohamishika kwenda chuo kikuu awe na uzamili katika somo lenyewe, au uzamili mwingine wenye angalau krediti 18 za somo hilo katika ngazi hiyo. Mimi uzamili niliusomea hapa, lakini shahada ya kwanza ni ya nyumbani, na ilinitesa. GPA ya 3.8 kwenye kipimo chetu cha 5 ni daraja la pili la juu, lakini afisa mmoja aliichukua akaishusha kwa kikokotoo hadi kipimo cha 4, ikawa takriban 3.0, nikaonekana mwanafunzi wa kawaida tu. Kwa hiyo, ukiomba tathmini ya vyeti, yaani vyeti vya nje kulinganishwa na vya hapa, lipia ile ya kozi kwa kozi, na uhakikishe transkripti inatumwa na chuo chenyewe, kwa maana uliyoibeba mkononi wanaweza kuikataa.

Viza ni somo refu. Mimi nilipata ukaazi kwa bahati nasibu ya viza, basi njia yangu si ya kuigwa. Anayemaliza masomo hapa hupata mwaka mmoja wa kufanya kazi, na wa sayansi anaweza kuongezewa miezi 24, lakini nyongeza hiyo inadai angalau saa 20 za kazi kwa wiki kwa mwajiri, na mwalimu wa muda huzikosa kirahisi. Ni kweli vyuo vya umma havifungwi na kikomo cha viza 85,000 kwa mwaka za H-1B, ile viza ya kazi ya wataalamu wanaodhaminiwa na mwajiri, ila sijaona chuo kikimdhamini mwalimu wa muda, na Septemba 2025 maombi mapya ya watu walio nje ya nchi yaliwekewa ada ya dola 100,000.

Mnauliza kwa nini basi siachi. Lafudhi yangu hutajwa kwenye tathmini za wanafunzi kila muhula, na sijaizoea. Lakini tukifika kwenye selimundu nawaeleza utafiti wa Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ambao mwaka 1954 ulionyesha kwamba aliyerithi jeni moja tu ya ugonjwa huo ana kinga fulani dhidi ya malaria, ndiyo maana jeni hiyo imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria kuliko nyanda za juu. Nawachorea ramani kwa mkono ubaoni, na siku hiyo hakuna anayeniambia nirudie.

Na ndugu zangu wa kamati za harusi, kuitwa profesa na wanafunzi hakujaniongezea mshahara. Kuniwekea kiwango cha mchango bila kuniuliza, kisha kunitangaza kwenye kundi kwamba nimekaidi, si haki.

Kwa aliye mhadhiri msaidizi huko, mwenye ajira ya kudumu na pensheni, mimi binafsi nisingeiacha kwa mkataba wa muhula mmoja, ila kila mtu na hesabu zake. Pengine wewe una mwenza mwenye bima, au unakuja kusomea uzamivu, na hapo mambo hubadilika. Ukipata nafasi, uliza kwa maandishi maabara inahesabiwaje na kozi ikifutwa unalipwa nini. Vyeti vyenu msinitumie tena, tafadhali. Siajiri mtu, na nafasi hutangazwa kwenye tovuti za vyuo vyenyewe.