Walituahidi biashara ya muziki, wakatuletea maiti

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie tamthilia za televisheni zinazohusu biashara ya muziki, akaniambia nisimung'unye maneno. Nitachukua moja, ile ambayo watazamaji wake walikasirika kuliko wote ninaowajua: Vinyl, ya kituo cha HBO cha Marekani, iliyorushwa mwaka 2016. Kama hukuitazama, usijali, tutakwenda pamoja. Kama uliitazama mpaka mwisho, pole sana.

Tamthilia mbovu ziko tele, na hakuna anayezinunia. Mtu anabadilisha chaneli, maisha yanaendelea. Hii ilikuwa na deni kwa sababu ya majina yaliyokuwa nyuma yake. Mick Jagger wa Rolling Stones. Martin Scorsese, mwongozaji wa filamu. Terence Winter, aliyekuwa ametoka kumaliza tamthilia nyingine ya HBO, Boardwalk Empire. Rich Cohen, mwandishi aliyewahi kuzunguka na Rolling Stones kwenye ziara. Scorsese mwenyewe aliongoza sehemu ya kwanza, ya karibu saa mbili, na habari za wakati ule zilisema sehemu hiyo pekee ilikula dola milioni 30 hivi. Jagger alikuwa na wazo hilo kichwani tangu miaka ya 1990, kwanza kama filamu. Miaka ishirini ya kupika, halafu mgeni anakaribishwa mezani anakuta wali haujaiva.

Ilianza Februari 14, 2016. Haikupita hata wiki, HBO ikatangaza kwamba msimu wa pili upo. Aprili, Winter akaondoka. Juni, HBO wenyewe wakageuka, wakaifuta. Sehemu kumi, kwisha habari.

Hadithi ni hii. New York, 1973. Richie Finestra, anayechezwa na Bobby Cannavale, ndiye bosi wa lebo, yaani kampuni ya santuri, ya kubuni inayoitwa American Century. Lebo iko taabani na anataka kuiuza kwa PolyGram, kampuni ya kweli kutoka Ulaya. Ili auze, lazima vitabu vya hesabu vipendeze. Na hapo anajitokeza Buck Rogers, mwenye mlolongo wa vituo vya redio, amekasirika, anatishia kwamba nyimbo za American Century hazitapigwa tena kwenye vituo vyake.

Ngoja nisimame hapa kwa Buck, kwa sababu kwa maoni yangu kesi yote iko hapa.

Mnajua maana ya tishio hilo. Kwa mwaka 1973, lebo isiyopigwa redioni ni duka lisilo na mlango. Mnunuzi kutoka Ulaya akisikia tu, dili imekufa. Halafu kumlipa mtu wa redio kwa siri ili apige wimbo kulikuwa kosa la jinai Marekani tangu sheria ya 1960, baada ya Bunge lao kufanya vikao na kuwaweka ma-DJ kitimoto. Alan Freed, mtangazaji maarufu kuliko wote wa rock and roll, alipoteza kazi mwaka 1959 kwa sakata hilo. Sheria ikapita, na hela hazikuacha kutembea. Zilitafuta tu mkono mwingine wa kuzibeba. Lebo zikaanza kutumia mapromota wa kujitegemea. Lebo inampa promota "gharama za matangazo", promota anajua mwenyewe anazipeleka wapi, na bosi wa lebo anaweza kuapa mahakamani kwamba hajui lolote. (Naona wanamuziki wa safu ya mbele wanacheka. Mimi sijasema kitu kuhusu hapa kwetu.)

Sasa fikirini: mwandishi ana bosi mwenye madeni, ana mnunuzi anayesubiri, ana mwenye redio anayeweza kumfunga pumzi, na ana sheria inayokataza njia rahisi ya kumpoza. Hapo kuna sehemu kumi, tena bila jasho. Wao walifanya nini? Walimwua Buck. Sehemu ya kwanza haijaisha, Richie na mwenzake wamempiga mtu mpaka kufa, na kuanzia hapo tukawa tunatazama hadithi ya polisi. Je, maiti itagunduliwa? Je, Richie atakamatwa? Maswali hayo unayapata kwenye tamthilia yoyote ile, Jumatatu hadi Jumapili. Mtu mmoja aliyeshika roho ya biashara mkononi ndiye waliyemfukia kwanza.

Kuna watakaosema: watazamaji walichoka na kokeini tu, na makelele ya Richie. Ni kweli, walichoka. Kila akikwama, ananusa. Akinusa, anapiga kelele. Akipiga kelele, anavunja kitu. Ukifika sehemu ya tano unajua atafanya nini kabla hajafanya. Lakini mimi nadhani kile ni kiraka. Mhusika mwenye kazi hana haja ya kuvunja simu ili tujue ana shida. Richie hakuwa na kazi ya kufanya mbele ya macho yetu, ndiyo maana akapewa unga.

Na wala siyo kifo chenyewe kilichowaudhi watu. Mwaka mmoja kabla, Januari 2015, kituo cha Fox walianza kurusha tamthilia iitwayo Empire. Nayo ina lebo, nayo ina bosi anayeua mtu katika sehemu ya kwanza kabisa. Ni tamthilia yenye mikogo, ukipenda iite ya kelele. Lakini watazamaji wake waliongezeka wiki hadi wiki msimu mzima wa kwanza. Kwa nini? Cookie, anayechezwa na Taraji P. Henson, anatoka jela baada ya miaka 17, anaingia ofisini, anadai nusu ya kampuni. Dola 400,000 za kwanza zilizoanzisha lebo zilikuwa zake, hela za madawa ya kulevya, na ndizo zilizompeleka jela. Hapo hata bibi yangu asiyejua Kiingereza angeelewa mgogoro: mtaji wangu uko wapi? Kila wimbo, kila mtoto, kila kikao cha bodi kinarudi kwenye swali hilo. Wakati Richie anakimbia polisi, Cookie anadai hisa.

Vinyl nayo ilikuwa na swali la namna hiyo, na inauma zaidi kwa sababu ilikuwa nalo mkononi. Yuko mtu anaitwa Lester Grimes, anayechezwa na Ato Essandoh. Mwimbaji wa blues. Zamani Richie alikuwa meneja wake, akamwimbisha vinyimbo vyepesi ambavyo Lester mwenyewe hakuvitaka, kwa ahadi kwamba blues itakuja baadaye. Richie alipopata nafasi ya kuanzisha lebo yake, aliuza mkataba wa Lester kwa watu wa mafia. Lester akawakatalia, nao wakamvunja koo. Mwimbaji, koo. Ni onyesho la dakika chache, na ndilo onyesho pekee lililonifanya niinuke kwenye kiti. Pale tunaona kwamba mkataba ni kitu kinachouzwa, na kwamba pamoja na karatasi anauzwa mtu. Kila Lester anapotokea, tamthilia inapata damu. Halafu kamera inarudi kwa Richie, tunaanza upya.

Nikisema haya, rafiki zangu wa runinga wananijibu: mwalimu, mikataba haivutii, watu watalala. Haya, tujaribu. Nitawafanyia hesabu moja, halafu mniambie nani amelala.

Ni mfano wangu, lakini viungo vyake ni vya kweli. Mwaka 1973 albamu madukani ilikuwa na bei ya kawaida ya dola 5.98. Tuseme kijana amesaini mrabaha, yaani fungu lake kwa kila nakala, wa asilimia 5. Hiyo ni senti 30 hivi kwa kila santuri. Kwanza, wanakata asilimia 10 kwa ajili ya jalada: zinabaki senti 27. Kisha kuna kipengele cha kuvunjika. Zamani santuri zilitengenezwa kwa shelaki, zilivunjika kama vigae njiani, kwa hiyo lebo zililipa kwa asilimia 90 tu ya mauzo. Ikaja vinyl, plastiki ambayo sifa yake kubwa ni kwamba haivunjiki hovyo. Kipengele kikabaki. Sasa ni senti 24. Kijana ameuza nakala 50,000, amefanya vizuri kwa mgeni. Anastahili dola elfu 12 na kitu. Lakini studio, wapigaji na kila chupa iliyonywewa pale ndani ni deni lake, tuseme dola 40,000. Madukani zimepita karibu dola laki tatu, yeye anadaiwa elfu 28, na barua kutoka lebo inamwambia mwaka huu hana chake.

Kuna aliyelala?

Tamthilia inaitwa Vinyl, jamani, na kitu chenye kichekesho kichungu kuliko vyote kuhusu vinyl ni makato hayo ya kuvunjika. Sehemu ya kwanza inagusagusa ujanja wa mahesabu ya lebo, inapita haraka kama mtu anayeona aibu. Mpe Lester dakika kumi na karatasi ile, kalamu mkononi, anasoma mstari kwa mstari mbele ya Richie. Mimi ningelipia.

Na aliyenishangaza zaidi ni Jagger. Huyu alisoma uchumi London School of Economics kabla hajaacha masomo kwa ajili ya bendi. Ndiye huyohuyo ambaye, yeye na wenzake, walikuja kugundua kwamba haki za nyimbo zao za miaka ya 1960 ziko mikononi mwa meneja wao, Allen Klein, na kampuni yake ABKCO. Waligombana, wakashtakiana, na nyimbo zikabaki huko. Mtu mwenye jeraha la namna hiyo anakaa kwenye meza ya waandishi, na bado hadithi inakwenda kutafuta maiti. Labda hakuulizwa. Labda jeraha lilikuwa karibu mno. Sijui, ila mtazamaji anayejua historia ile ana haki ya kukasirika mara mbili.

Hata mwaka wenyewe waliuchagua vizuri, wakauacha ukajiendea. Mei 1973 kampuni ya CBS walimfukuza kazi Clive Davis, bosi wao wa santuri, wakimshutumu kwa kutumia hela za kampuni kwa mambo yake binafsi. Mwaka uliofuata alikuwa anaongoza lebo mpya, Arista. Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zikafunga mafuta. Vinyl hutokana na mafuta! Malighafi ikaadimika, lebo zikapunguza idadi ya albamu, santuri zikawa nyembamba, za zamani zikayeyushwa upya. Bosi wa lebo analazimika kuamua msanii gani apate plastiki na nani akose. Hizi sehemu kumi hazikulifanya hilo kuwa hadithi.

Na kuna moja inayotuhusu sisi Waafrika. Manu Dibango wa Kamerun alikuwa ametoa "Soul Makossa" mwaka 1972, upande wa pili wa santuri iliyotengenezwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika lililofanyika kwao. David Mancuso, aliyekuwa akifanya dansi nyumbani kwake New York, akaiokota kwenye duka la Wakaribi huko Brooklyn. Frankie Crocker wa redio WBLS akaipiga. Nakala zilizoingia kutoka nje zikaisha, watu wanazitafuta kwa udi na uvumba, bendi zikaanza kurekodi nakala za kuigiza ili kukamata soko, na mwishowe lebo ya Atlantic wakanunua haki ya kuitoa. Mwaka 1973 ikafika nafasi ya 35 kwenye chati ya nyimbo ya Marekani, Billboard. Lebo zote za mji ule zilipitwa na duka la mtaani. Kwa mtu kama Richie, anayejisifu kwamba ana sikio, hiyo ni aibu kuliko polisi kumgongea mlango.

Agosti 11 ya mwaka huohuo, Bronx, 1520 Sedgwick Avenue, Cindy Campbell aliandaa dansi kwenye ukumbi wa chini wa jengo lao ili apate hela ya nguo za shule. Wasichana senti 25, wavulana senti 50. Kaka yake, DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Historia ya hip hop huanzia pale. Watu humtaja kaka, lakini mfanyabiashara pale alikuwa dada.

Kuhusu waigizaji wa Vinyl waliovaa kama waimbaji Robert Plant wa Led Zeppelin na David Bowie, sitapoteza muda. Watu walicheka, na kwa Bowie wengine hawakucheka, maana alikuwa amefariki Januari 2016, mwezi mmoja kabla tamthilia haijaanza.

Mwandishi mpya, Scott Z. Burns, alikuwa ameshachukuliwa kwa msimu wa pili alipoondoka Winter. Huwa naulizwa kama angeiokoa. Angeanza na Buck akiwa kaburini, na redio hazina mwenyewe katika hadithi. Angelazimika kumleta Buck mwingine, na watazamaji wangejua kabisa wanachotengenezewa. Mimi ningemkabidhi Lester ofisi, na ningempandisha cheo Jamie, yule msaidizi anayechezwa na Juno Temple, ambaye ndiye aliyeigundua bendi ya Nasty Bits huku wakubwa wake wakimwona wa kutumwa tu. Lester anajua mkataba unavyoua, Jamie anajua nani atauza kesho. Hao wawili, meza moja, na Richie nje mlangoni anasubiri kuitwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali basi. Nimemwona kaka wa kofia nyekundu aliyeinua mkono tangu nilipotaja Empire, kwa hiyo najua ninakwenda kupingwa. Karibu.