Raba Iliyovimba: Mafuta na Gesi Nje ya Tangi

NEEMA: Tuko hewani. Leo tumerekodia gerejini kwa Mangi Elia hapa Moshi, kwa hiyo mkisikia nyundo msishtuke, kuna kijana nje anapiga bodi ya Noah. Mangi, waeleze wasikilizaji umeshika nini.

ELIA: Nimeshika raba mbili za breki, Mwalimu. Za masta silinda ya Hiace, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. Hii mpya, hii nimeitoa jana. Shika.

NEEMA: Hii ya jana imevimba kama andazi lililozidi hamira. Na imelegea, ukiiminya inateleza.

ELIA: Zilikuwa saizi ileile. Mteja aliona mafuta ya breki yamepungua, akaongezea oili ya injini. Anashuka kutoka Marangu, breki zikaanza kukamata zenyewe, magurudumu ya mbele yanatoa moshi. Sikumcheka, maana nilishafanya hivyo mimi mwenyewe.

NEEMA: Wewe?

ELIA: Nilikuwa spanaboi, gereji siitaji. Nikaambiwa kaongeze mafuta ya breki. Nikaona kopo lina kitu chekundu kinateleza, nikasema mafuta ni mafuta. Kumbe ni ya gia boksi ya otomatiki! Wiki haikuisha gari likarudi linavutwa kwa kamba. Nilikatwa hela ya raba zote, na masta juu yake.

NEEMA: Pole. Sasa tuanzie hapohapo, maana tulisema leo ni mafuta na gesi kwenye gari, na mtu akisikia hivyo akili inakimbilia sheli. Hiyo raba nayo ni mafuta.

ELIA: Hapo unanichanganya. Kama ni mafuta, mbona inayachukia mafuta?

NEEMA: Haiyachukii, inayapenda kupita kiasi. Raba nyingi za breki siku hizi zinatengenezwa kwa ethilini na propilini, gesi mbili zinazotoka kwenye mafuta ghafi na gesi asilia. Kiwandani zinaunganishwa minyororo mirefu, inakuwa mpira. Mnyororo huo ni kaboni na haidrojeni tu, na oili nayo ni kaboni na haidrojeni tu. Vinavyofanana vinaingiliana. Nyie mafundi mkono ukiwa na grisi mnanawia nini kwanza?

ELIA: Mafuta ya taa. Ndipo sabuni.

NEEMA: Umeona? Grisi inafuata mwenzake. Na oili ya yule mteja imefanya hivyohivyo: imejipenyeza katikati ya minyororo, mpira ukavimba. Mafuta halisi ya breki asili yake ni glikoli, ina oksijeni ndani, tabia yake iko karibu na maji kuliko oili. Haipati mlango.

ELIA: Na sili ya krenki, raba inayozuia oili ya injini isivuje? Ile inaogelea kwenye oili miaka kumi na haivimbi.

NEEMA: Ule mpira mwingine, nitrili. Wameuwekea naitrojeni, na hiyo ndiyo inayoizuia oili isiingie. Ila usiupeleke kwenye breki. Na usisahau, glikoli yenyewe inaanzia kwenye ethilini. Raba ya breki, mafuta ya breki, kulanti ya redieta: ukoo mmoja.

ELIA: Ndugu wa ukoo mmoja wasioweza kukaa nyumba moja. Huku kwetu tunawajua, hasa siku ya kugawana kihamba, shamba la ukoo.

NEEMA: Mangi! Twende kwenye tairi.

ELIA: Tairi ni mpira wa mti, bwana. Nimekua naambiwa hivyo, na Arusha hapo tulikuwa na General Tyre yetu kabla haijafungwa.

NEEMA: Mpira wa mti upo, na matairi ya malori na ndege yanauhitaji zaidi kwa sababu unavumilia joto la kujikunja-kunja. Tairi la gari dogo linachanganya na mpira wa kiwandani, ambao ni mafuta. Halafu, umewahi kujiuliza kwa nini tairi ni jeusi?

ELIA: Lifanane na lami?

NEEMA: Mpira kwa asili ni mweupe-mweupe, na matairi ya kwanza ya magari yalikuwa hivyo. Weusi ni masizi. Wanachukua mafuta mazito, wanayachoma kwenye tanuru lenye hewa kidogo, wanakusanya masizi kama yale ya kibatari yanayochafua dari, wanayakandia kwenye mpira. Mpira usio na masizi unalika haraka sana. Kwa hesabu inayotajwa sana, tairi moja la gari dogo linakula kama lita 26 za mafuta, ukijumlisha malighafi na nishati ya kulitengeneza.

ELIA: Lita 26? Kwa IST ni zaidi ya nusu ya safari ya Moshi mpaka Dar. Na hapo ni tairi moja!

NEEMA: Moja. Sasa endelea kuivua hiyo gari. Bampa ni plastiki, dashibodi plastiki, siti ni povu la kiwandani, mkanda wa usalama ni polista, ngozi ya kila waya ni plastiki. Hata aluminiamu ya rimu. Ili kuipata wanapitisha umeme kwenye fimbo za kaboni zilizotengenezwa kwa mabaki ya mwisho ya kinu cha mafuta, na fimbo zinalika: kama gramu 400 kwa kila kilo moja ya aluminiamu. Kioo nacho kinayeyushwa kwenye matanuru ambayo mengi yanawaka gesi asilia.

ELIA: Na chuma?

NEEMA: Chuma kwa sehemu kubwa ni makaa ya mawe. Nisiwapakazie mafuta kila kitu.

ELIA: Basi chasisi inabaki. Tutapanda chasisi.

NEEMA: Bila grisi kwenye bearingi. Haya, sasa tuingie kwenye tangi. Unajua sheli ya kwanza ilikuwa wapi?

ELIA: Marekani, kwa vyovyote.

NEEMA: Ujerumani, na lilikuwa duka la dawa. Agosti 1888 Bertha Benz alichukua gari la mumewe, Karl, bila kumuaga, akawapakia vijana wake wawili, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim kumsalimia mama yake. Kama kilomita 100.

ELIA: Hapa na Arusha na chenji.

NEEMA: Njiani mafuta yakaisha. Akaingia duka la dawa mji unaoitwa Wiesloch, akanunua ligroini, kitu cha jamii ya petroli kilichouzwa kwa kutolea madoa kwenye nguo. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Breki zikaisha, akamwambia fundi viatu azigongelee ngozi.

ELIA: Ngozi ya kiatu kwenye breki! Huyo mama ningempa ajira leo. Lakini kwa nini petroli iwe duka la dawa?

NEEMA: Kwa sababu ilikuwa karibu takataka. Mafuta ghafi wakati huo yalichemshwa ili kupata mafuta ya taa, dunia nzima ilitaka taa. Ukichemsha, petroli ndiyo inayotangulia kupaa, nyepesi, inashika moto vibaya, taa ikilipuka unachoma nyumba. Haikuwa na wanunuzi wa maana. Gari ndilo lililoipa kazi.

ELIA: Na sisi tukaja kugeuza. Mafuta ya taa yakawa ndiyo ya kuibia. Wasikilizaji wadogo hawajui kwamba neno kuchakachua lilivuma kutoka sheli. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wanayachanganya kwenye dizeli na petroli. Gari likija hapa nilikuwa nalijua kabla halijazima: linagonga kwenye mlima, ka-ka-ka-ka.

NEEMA: Maana mafuta ya taa yanashusha oktani, yaani uwezo wa petroli kutojiwakia mapema. Mchanganyiko unajiwakia kwenye silinda kabla ya wakati wake, ndiyo hiyo milio.

ELIA: Mpaka EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri, kwenye mafuta, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Gerejini tuliona tofauti. Ila bibi yangu kule Rombo, mwenye kibatari tu na asiye na gari, ndiye aliyelipa. Hilo halijanitoka.

NEEMA: Gesi. Wewe una kisa.

ELIA: Nina kisa na ushahidi uko pale pembeni, mtungi wa kilo 15. Jamaa kaleta IST, kasikia Dar watu wanaendesha kwa gesi, bajaji mpaka malori, gharama imeshuka. Kafungua jiko lake, kachomoa mtungi, kaniletea: "Fundi, nifungie."

NEEMA: Umemwambiaje?

ELIA: Nimemwambia asubiri nimuulize Mwalimu.

NEEMA: Mwambie ni gesi mbili tofauti. Ya magari ya Dar ni gesi asilia, karibu yote ni methani. Inatoka Songo Songo, iligunduliwa 1974 na ikaanza kutumika 2004, na Mnazi Bay, Mtwara. Bomba kubwa la Mtwara mpaka Dar lilianza kazi 2015. Kwenye gari inashindiliwa kwa mgandamizo wa kama bar 200, karibu mara 200 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, ndiyo maana mtungi wake ni mzito kama injini ya pikipiki. Ya jikoni ni propani na butani, inakuja na meli, na kwenye mtungi imekuwa kimiminika kwa bar zisizofika kumi kwa kawaida. Mtungi wa jikoni ukijazwa gesi ya gari unakuwa bomu.

ELIA: Na yenyewe, hii ya jikoni, haiwezi kuendesha gari?

NEEMA: Kuna nchi wanaitumia, kwa mitungi na mitambo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Siyo mtungi wa jikoni na mpira wa jiko. Na kumbuka methani ikivuja inapaa, ni nyepesi kuliko hewa. Ya jikoni inashuka, inatambaa chini, inakaa kwenye buti na chini ya siti ikisubiri cheche.

ELIA: Na hawa wa umeme? Kuna magari ya safari yameshavuliwa injini yakawekewa betri, yanaingia mbugani kimyakimya, tembo hashtuki. Mafuta yatakuwa yamekufa?

NEEMA: Kwenye tangi yanakufa, na mimi nashangilia, kila lita ya petroli inatoa zaidi ya kilo mbili za kaboni dayoksaidi. Lakini umeme wetu kwa miaka mingi zaidi ya nusu ulitoka kwenye gesi hiyohiyo ya kusini, mpaka Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilipoanza kuzalisha 2024. Na tairi ni lilelile. Betri ni nzito, kwa hiyo tairi linabanwa zaidi.

ELIA: Na raba za breki ni zilezile.

NEEMA: Na lami. Lami ni kile kinachobaki chini kabisa kwenye mnara wa kinu, baada ya vyote kupaa.

ELIA: Basi, mwenye gari la umeme naye atakuja kwangu. Nimetulia.

NEEMA: Kabla hatujafunga, mtungi wa yule jamaa?

ELIA: Bado uko hapa. Yeye hapokei simu. Mkewe ndiye amepiga mara mbili tangu asubuhi, anauliza apikie nini.