Kompyuta Ikiganda, Uliza Kwanza Imegandaje

Hamjambo nyote. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na leo hatuna kipaza sauti. Naona wengine mmekuja na mashine zenu. Dada pale ameifunga yake kwa leso kama mtoto. Tutafika huko, dada.

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, aliniletea kompyuta yake ya mezani, ile aliyokuwa akichapia watu kazi nyumbani. Akaniambia, "Fundi, hii kitu inahang." Nilipolisikia hilo neno sikusikiliza tena. Nikatoa diski, nikatia nyingine, nikaweka Windows upya, nikamtoza. Wiki mbili mashine ikaenda vizuri, ya tatu akarudi nayo. "Si ulisema ni diski, baba?" Ni kweli nilisema.

Ubovu ulikuwa kwenye kebo ya data, ule ukanda mwembamba unaotoka kwenye diski kwenda kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Nilipobadilisha diski niliichomoa na kuichomeka tena, ikashika kwa muda, nami nikajisifu kuwa nimeponya. Kebo yenyewe, pale Luthuli Avenue, wanazo zimejaa kwenye boksi. Yule mama alilipa pesa ya diski nzima kwa sababu sikumuuliza swali moja: ikiganda, inagandaje?

Basi tulianze hilo swali. Mashine ikisimama, usikimbilie swichi. Bonyeza Caps Lock, utazame taa yake. Kama inawaka na kuzima, prosesa, ule ubongo wa mashine, bado inakusikia. Kama taa haibadiliki, mshale wa mausi umekufa, na wimbo uliokuwa ukicheza unarudia mlio mmoja kama santuri iliyokwaruzika, basi mashine imezimia kabisa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, ingawa sote tunayaita kuhang.

Chukua lile la kwanza. Mshale unatembea, lakini ukibofya hakuna kinachofunguka. Taa ya diski imewaka tuli, haipepesi. Unangoja dakika, halafu ghafla yote uliyobofya yanafunguka kwa pamoja, madirisha sita. Hiyo kwa kawaida ni njia ya diski. Diski imefika mahali palipoharibika, inasoma, inakosa, inasoma tena, inakosa tena, na Windows imekaa inasubiri kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.

Hapa kuna programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Diski hujiwekea rekodi ya afya yake, na programu hii hukusomea. Msiogope ule utitiri wa mistari. Kwa diski ya kuzunguka mimi hutazama mitatu. Wa 05 ni sehemu mbovu ambazo diski imeshazihama. Wa C5 ni sehemu inazozishuku na bado hazijaamuliwa. Hizo zikiwa zinapanda, nakili picha za watoto leo usiku, usingoje kesho. Wa tatu ni C7, nao huhesabu data iliyoharibika njiani, kati ya diski na madabodi. Njiani, yaani kwenye kebo! Ya yule mama, 05 ilikuwa sifuri, C5 sifuri, na C7 ilikuwa imepita elfu. Ilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza.

Jambo moja kuhusu C7: hairudi sifuri hata ukibadilisha kebo. Iandike kwenye karatasi, tumia mashine wiki nzima, uitazame tena. Ikibaki palepale, umemaliza kazi.

Sasa ule ugonjwa wa pili, wa kuzimia. Mshukiwa wangu wa kwanza ni RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi, hasa kwenye hizi mashine za mtumba tunazonunua mjini, ambazo zimesafiri kwenye kontena na kufunguliwa na mikono mingi. Dalili yake ni kukosa mpangilio: leo inaganda ukiandika barua, kesho ikiwa haifanyi lolote. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa mashine kwa hiyo flashi, uiache usiku kucha. Mzunguko mmoja hautoshi. Lakini kosa hata moja likijitokeza, usilisamehe. Zima, chomoa waya ukutani, gusa bati la kasha kwanza ili umeme wa mwilini ushuke, kisha ubakishe kipande kimoja cha RAM na upime tena. Kisha kipande kilekile kwenye tundu lingine. Ubovu ukifuata kipande, kipande ni kibovu. Ukibaki na tundu, pole, hiyo ni madabodi.

Mshukiwa wa pili ni pawa saplai, lile boksi linalogawia mashine umeme. Ukiwa na multimita, kile kipimo cha umeme, waya wa manjano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Pima mashine ikiwa na kazi, kwa maana bila kazi hata mgonjwa husimama wima. Na multimita haioni kila kitu, mitikisiko ya haraka inaipita, kwa hiyo kipimo ninachokiamini zaidi ni kuazima pawa saplai nzima ya jirani kwa siku mbili. Ila hilo boksi usilifungue. Ndani yake kuna kapasita, kijipipa cha kutunza umeme, inayoweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Kapasita za kwenye madabodi unaweza kuziangalia kwa macho tu: kichwa kiwe bapa. Kikiwa kimeumuka kama andazi, umepata mchawi.

Joto? Joto hulaumiwa kuliko linavyostahili. Prosesa za siku hizi zikipata moto, nyingi kwenye nyuzi 100 hivi, hujipunguzia mwendo, na zikizidiwa huzima mashine. Kuzima si kuganda. Ni kweli Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa nyepesi hubeba joto kidogo, lakini baridi yetu ya Julai inafidia. Pulizia vumbi nje, hakikisha feni inazunguka, usonge mbele.

Mzee hapa anauliza kama ni ile betri ndogo ya duara. Hapana, mzee, ni nadra sana. Ile ikiisha, saa ya kompyuta hupotea, na kila asubuhi unaambiwa uko mwaka mwingine.

Na Windows yenyewe? Washa mashine kwa flashi ya Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, tuseme Ubuntu, uitumie jioni nzima bila kugusa diski. Ikiganda hata hapo, acha kuilaumu Windows. Isipoganda, umebaki na washukiwa wawili, Windows au diski pamoja na kebo yake, na diski nimeshawaonyesha inavyosomwa. Chochote utakachobadilisha, badilisha kimoja, usubiri. Ukibadilisha viwili mashine ikapona, hujui ni kipi kilichoponya, na hapo ndipo mimi nilipomla yule mama pesa yake. Nilimrudishia, kwa awamu tatu.

Haya dada, fungua leso. Hapana, bisibisi iache kwanza. Ikiganda, mshale unatembea au hautembei?