Aliyeshindwa Aende Wapi?

Ahsanteni. Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, nanyi wanafunzi mliojibana kule mlangoni, nimewaona.

Leo nina swali moja tu. Mtu ameshindwa uchaguzi, anaamini ameonewa: aende wapi?

Kama aligombea ubunge, anakwenda Mahakama Kuu. Wapo waliovuliwa ubunge kwa njia hiyo, na nchi ikaendelea. Kama aligombea urais, ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania ya 1977 imemfungia mlango. Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza. Julai 2020 Mahakama ya Afrika kule Arusha ilisema ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Hatujaigusa.

Na si mara ya kwanza. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri Mahakama Kuu, Dodoma hii hii, akidai pamoja na mengine haki ya mgombea binafsi. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akamkubalia. Desemba, Bunge likabadili Katiba ili kumzuia mgombea huyo! Mchungaji hakuchoka: 2006 akashinda tena, 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la wanasiasa, 2013 Arusha wakampa haki. Mpaka leo, bila chama hugombei hata udiwani.

Kuhusu Tume nitapita haraka. Sheria ya 2024 inaiita Huru, jina zuri, lakini mwenyekiti wake anateuliwa na Rais, ambaye mara nyingi naye ni mgombea.

Wengine wanahofia kuwa mahakama ikiruhusiwa, nchi itayumba. Tazameni Malawi. Februari 2020 majaji walifuta matokeo ya urais ya 2019, baada ya kuona fomu zilizosahihishwa kwa wino mweupe. Juni wananchi wakapiga kura upya, Rais Mutharika akashindwa, Chakwera akaapishwa. Kenya ya 2017, mahakama ilipofuta matokeo ya urais, haikuwa shwari hivyo, siwafichi. Bado naichagua kuliko ile ya 2007, wapinzani walipokataa kwenda mahakamani kwa kutoziamini, na zaidi ya watu 1,000 wakafa.

Sisi tuna uchaguzi wa 29 Oktoba 2025. Idadi tutabishana, kwamba watu walikufa, hatubishani.

Kurekebisha ibara ya 41(7) kunahitaji theluthi mbili ya wabunge, nao wanakaa mji huu huu. Haya, maswali, tuanze na wa mlangoni.